Tarehe ya Ochola

Karatasi ya polisi inasema ndugu yangu Ochola alikufa Jumanne, tarehe ishirini na mbili Julai. Polisi ni watu wa adabu. Hawamhesabu mtu kuwa maiti mpaka wao wenyewe wamfikie. Lakini Jumanne hiyo mlango wa chumba chake ulipovunjwa, kule Lavington nyuma ya nyumba ya tajiri wake, askari mmoja alirudi nje mbio akatapika juu ya maua. Mtu aliyekufa asubuhi hawezi kumfanyia askari hivyo.

Daktari alisema ni moyo. Hakupigwa, hakulishwa sumu. Moyo ulisimama, naye akalala. Basi hakukuwa na kesi, na kwa kuwa hakukuwa na kesi, hakuna mtu aliyetaka kujua alikufa lini hasa. Ila mimi.

Nilitaka kujua jambo moja tu: Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, ndugu yangu alikuwa hai au la? Maana aliniita niende Jumamosi hiyo, na mimi sikwenda.

Nieleze vizuri, nisionekane mbaya kuliko nilivyo. Ubaya nilio nao unatosha.

Ochola alinifuata ziwa la mama. Alizaliwa nyumbani Siaya mwaka ambao nzige walikula mtama wote, lakini kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, kama cha wazee wengi wa rika letu, sisi tuliozaliwa na karani. Nairobi nilitangulia mimi, nikapata kazi ya yaya kwa Wahindi wa Parklands. Yeye akaja baadaye, akawa mtunza bustani Lavington. Na tangu utoto tulikuwa na mchezo wetu wa kudanganyana, na mchezo ulikwenda kwa zamu. Kuna mwaka alinitumia habari kwamba amevunjika mguu. Nikaenda mbio na supu ya miguu ya ng'ombe kwenye chupa ya chai, nikamkuta juu ya ngazi anakata matawi. Aliinywa supu yote huko huko juu, akaniambia, "Asante, nyaminwa." Ndiyo dada yangu, kwa Kijaluo. Mwaka jana zamu ikawa yangu. Nikampigia simu nikilia kwamba nyoka ameniuma. Alifika Parklands kwa teksi, amebeba wembe na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu, jasho linamtiririka. Nikamwambia nyoka ameshakwenda zake, lakini maadamu umefika, nisaidie kusogeza kabati.

Alisogeza kabati. Akaapa atanilipa.

Kwa hivyo zamu iliyobaki ilikuwa yake. Alhamisi jioni, tarehe kumi, simu yangu ikaingia ujumbe: "Nyaminwa, kifua kinanibana. Sina nguvu. Kuja Jumamosi unipeleke kliniki." Niliucheka ujumbe ule mpaka miwani ikanianguka. Nikamjibu: "Kwani nyoka amehamia kifuani?" Hakujibu. Nikasema moyoni, ameona nimemgundua, amenuna.

Jumamosi nilishinda verandani Parklands nikicheza karata na Mama Ishita. Nilikuwa nikiiba karata, kama kawaida yangu. Nilimfunga mara tano.

Mama Ishita jina lake ni Jashoda. Nilianza kumfanyia kazi akiwa bibi harusi asiyejua hata kuwasha jiko, na sasa ni mjane mwenye magoti mabovu kama yangu. Kazi niliiacha siku nyingi, lakini chumba changu cha nyuma sikukiacha, tunazeeka pamoja tukigombana. Binti yake Ishita nilimbeba mgongoni mimi. Walitaka asomee udaktari, akaenda akasomea wadudu. Mama yake alilia wiki nzima, na mimi nikamwambia, "Nyamaza, Mama Ishita, wadudu nao wanaumwa."

Sasa Ishita anafundisha chuoni, na ana kazi mbili za kumtoa nje. Ya kwanza ni ukurutu wa miti. Yale madoa ya kijivu na kijani yanayoshika gome, mengine bapa kama rangi ya ukuta iliyobambuka, mengine marefu kama ndevu. Yeye huyaita laikeni. Anasema hayapendi moshi wa magari, ukiyahesabu unajua watu wa hapo wanavuta hewa gani. Basi tumetembea, mimi na yeye, kutoka miti ya barabara kubwa ya Parklands ambayo magome yake ni kipara kitupu, mpaka mabustani ya Lavington ambako miti ina ndevu kama maaskofu. Anaweka fremu ya waya kwenye shina, anahesabu kwa sauti, mimi naandika kwenye daftari. Nilifika darasa la saba na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Mti mmoja wa kuhesabiwa ulikuwa kwa tajiri wa Ochola. Tulipokwenda mara ya tatu tuliukuta unang'aa kama meza. Ochola alikuwa ameusugua kwa brashi na sabuni, kuanzia mizizini hadi mkono wake unapofika.

"Niliona mnakuja kuuangalia angalia," akasema, anafurahi kabisa. "Nikajua ni mgonjwa. Nimewaoshea."

Ishita alikaa chini kwenye nyasi. "Baba Ochola," akasema, "hayo madoa yamechukua miaka thelathini kuota."

"Ndiyo maana yalikuwa magumu," Ochola akasema.

Sisi kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mama yetu alikuwa akisema mgeni haoni moyo wako, anaona ua wako.

Kazi ya pili ya Ishita ni inzi. Anaweka nyama ya nguruwe ndani ya vizimba vya waya, vingine nje chini ya miti, vingine kwenye vyumba vilivyofungwa, halafu anahesabu: inzi wamefika siku gani, mayai yamekuwa funza lini, na funza wameshiba lini wakaacha nyama, wakajificha pembeni na kugeuka punje za kahawia, kama mpunga wa zamani. Humo ndani ya punje ndimo inzi mpya anamotokea. "Hii ni saa, Aya," huniambia. Tangu alipojifunza kusema ananiita Aya. "Ukijua joto la mahali, unahesabu kurudi nyuma, unafika siku ya kwanza." Watu wa polisi wa nchi nyingine hutumia saa hiyo kwa maiti. Wetu bado wanatumia kalenda ya ofisini.

Nyumba ya Mama Ishita haili nyama, haijawahi kuingiza hata yai, kwa hivyo nguruwe ilikuwa idara yangu. Nilikuwa nafuga vikombe vya funza chini ya kitanda changu, naandika joto asubuhi na jioni. Mama Ishita akipita dirishani huziba pua kwa mtandio.

"Peres! Wewe naweka shetani ndani ya kikombe?"

"Naweka, Mama Ishita. Huyu mnene ni mjomba wako."

Naeleza yote haya ili mwone kwamba nilijua. Siwezi kusema sikujua. Nilijua saa ya inzi kuliko mtu yeyote wa Siaya, na bado nilifanya nililofanya.

Jumanne ile aliyenipigia simu ni Masila, mlinzi wa geti la Lavington. Tajiri na familia yake walikuwa ng'ambo, mpishi yuko likizo. Masila alidhani Ochola amekwenda nyumbani, maana alikuwa akisema atakwenda, kumbe hakupita getini. Ni inzi kwenye kioo cha dirisha waliomshtua. "Mathe," aliniambia kwenye simu, ndivyo anavyomwita kila mama, "kioo kilikuwa cheusi. Nilidhani ni pazia."

Jumatano nilikwenda mochwari, kule juu Upper Hill. Walikuwa wamekwisha kumwosha. Nguo zake zilichomwa, hazikufaa kitu. Mhudumu alinikabidhi vilivyokuwa mfukoni: funguo, leso, na kadi ya kliniki. Niliviweka kwenye mkoba bila kuvitazama. Mtu akifiwa anapewa vitu vingi, havishiki vyote.

Alhamisi nilikwenda chumbani kwake kutafuta suti ya kumzikia. Masila akanifungulia geti, akabaki mbali.

Sitaki kueleza sana. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Sakafuni palikuwa na alama yake, na pembeni mwa ukuta, chini ya sanduku, kwenye nyufa za saruji, kila mahali, punje za kahawia. Nilizijua. Nimezishika kwa vidole hivi mara mia, nimezihesabu kumi kumi kama maharage. Lakini kwenye vikombe vyangu kulikuwa na nyama ya nguruwe. Humu kulikuwa na ndugu yangu. Zilitoka kwake. Sikuona saa hapo, wanangu. Niliona uchafu juu ya mtu msafi, na kesho au kesho kutwa watu wa kanisa wangekuja kuomba chumbani humo, waseme kumbe Ochola alikuwa akilala hivi.

Nikafagia. Nilifagia kuanzia ukutani kuja mlangoni. Nyufa nikazichokoa kwa kijiti cha kiberiti. Kisha nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikarudia kwa dawa, nikarudia tena kwa maji matupu. Miaka arobaini nimelipwa kufagia nyumba za watu, na sijawahi kufagia hivyo. Taka zote nikazibeba kwa karai nikazimwaga kwenye shimo la mbolea nyuma ya ua, palepale Ochola alipokuwa akimwaga kila kitu. Kisha nikakaa juu ya karai nikalia mpaka Masila akaja.

"Mathe, inuka. Karai ni la tajiri."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Ijumaa ndipo nilipokwenda kwa Muchiri, fundi wa majeneza, kibanda chake hakiko mbali na mochwari. Jeneza lilikuwa tayari, lilibaki msalaba. Muchiri ni kijana mcheshi, kila bibi kwake ni shosho, na sisi wacheshi tunajuana kwa harufu.

"Shosho, si tukupimie na wewe mara moja? Nikupe bei ya wawili?"

"Nipimie, lakini uache nafasi ya makalio. Sitaki kwenda mbinguni upande upande."

Akacheka, akachovya brashi. Alikuwa ameshaandika jina, na ile Januari ya karani. "Haya. Kuaga dunia?"

Nikampa karatasi. Akasoma, akaanza kuandika mbili. Mkono wangu ukamshika mkono kabla sijaufikiria.

"Ngoja," nikasema. "Hiyo si siku yake."

"Imeandikwa hapa, Shosho."

"Hiyo ni siku yao."

Nilisimama pale kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya mgeni rasmi. Kuzaliwa kwake ni uongo wa karani. Na kufa pia kuwe uongo? Hapo ndipo lile swali nililokuwa nimelikalia tangu Jumanne likainuka lenyewe: akifa Ijumaa ile ya tarehe kumi na moja, basi hata ningekwenda Jumamosi ningekuta maiti. Sina hatia. Akifa baada ya hapo, basi alilala akisikiliza geti siku nzima, na mimi naiba karata.

Jioni hiyo Ishita alirudi kutoka kazini. Nikamwuliza nikiwa jikoni, nimempa mgongo, naosha sufuria lililokwisha kuoshwa. "Wale inzi wako. Wanaweza kusema siku ya Ochola?"

Alinishika bega. "Aya, nilikuwa naogopa kukuambia. Ndiyo. Mwili umeoshwa, lakini zile punje hubaki chumbani. Chumba hakina joto la kupanda na kushuka, naweza kukaribia sana. Hata siku moja. Kesho twende."

Sufuria likaniponyoka.

Sikumwambia. Nilijiambia labda zimebaki. Labda nimezeeka, siku hizi sifagii vizuri.

Jumamosi asubuhi Masila akatufungulia. Ishita akapiga magoti chumbani na tochi na kile kibanio chake. Alitazama nyufa, akatazama chini ya mlango, akalala kifudifudi. Alikaa hivyo muda mrefu. Sakafu ilikuwa ikinukia dawa.

"Aya," akasema bila kuinua kichwa. "Nani alifagia?"

"Mimi."

"Hata moja hukubakisha?"

"Nikifagia, nimefagia," nikasema, na hata hapo nilisikia majivuno kwenye sauti yangu, nikaona haya.

Masila naye, badala ya kunyamaza, akaongeza, "Mama alichokoa mpaka nyufa na kiberiti. Nilimwona. Hii chumba haijawahi kuwa safi hivi."

Ishita alikaa juu ya visigino, akanitazama. Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze. Akauliza tu, "Ulimwaga wapi?"

Shimo la mbolea la Ochola lilikuwa pana kama kitanda. Majani, nyasi, maganda ya jikoni, samadi ya kuku, yamepangwa tabaka kwa tabaka kama keki. Asubuhi ile ya baridi ya Julai lilikuwa linatoa mvuke. Ishita akachomeka kipimajoto pale nilipomwonyesha. Akangoja. Akakitazama, akakifuta, akakichomeka tena.

"Thelathini na sita," akasema polepole.

"Ochola alikuwa anajua mbolea," Masila akasema kwa fahari. "Majirani walikuwa wanakuja kumwuliza. Yao ni baridi kama maiti ya... Pole, Mathe."

"Hiyo ni mbaya?" nikamwuliza Ishita, ingawa nilijua. Daftari la joto ni mimi ninayeliandika.

"Kwenye chumba zilikuwa zinakua taratibu, Aya. Hapa zimekimbia. Siku moja hapa ni kama siku tatu za chumbani. Na sijui zilikaa sehemu gani ya shimo, juu ambako ni baridi au ndani. Saa bado inatembea. Lakini mtu amesukuma mishale."

Tulichekecha mbolea ile mpaka adhuhuri, sote watatu, kwa chujio la mchanga alilotafuta Masila. Tulipata punje arobaini na moja. Kumi na mbili zilikuwa zimeiva kwa joto, zimekufa. Zilizobaki Ishita akazitia kwenye chupa, akazifunika kwa kitambaa, na Parklands nikaziweka mimi chini ya kitanda changu. Sikulala kitandani. Nililala kwenye kiti.

Mwanawe Ochola alipiga simu kutoka Siaya: kaburi limeanza kuchimbwa, mazishi Jumamosi, kwa nini shangazi unachelewesha msalaba, si uandike tu ya kwenye karatasi. Nikamwambia rangi nyeusi imekwisha Nairobi nzima.

Jumanne inzi wa kwanza akatoka, ametota, mbawa zimekunjamana, anajikokota ukutani mwa chupa. Kufika Jumatano mchana walikuwa ishirini na sita. Nimeona inzi wakitoka mara nyingi, huwatukana nikicheka. Hawa niliwatazama tu. Walikuwa wa kijani kibichi, wanang'aa. Ndicho kitu cha mwisho ndugu yangu alichokitengeneza.

Ishita alipiga hesabu zake mezani verandani, mama yake amekaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Alipiga mara ya kwanza, akapindua karatasi, akapiga tena. Mwishoni akaweka kalamu chini.

"Aya. Kati ya Ijumaa na Jumapili."

"Ijumaa ipi?"

"Ya kumi na moja. Mpaka Jumapili ya kumi na tatu."

"Punguza."

"Haipunguki."

"Punguza, Ishita. Nimekubeba na kifaduro mgongoni nikapanda ngazi za hospitali. Nipunguzie siku moja."

Macho yake yakajaa. "Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya. Kama zingekaa chumbani ningekwambia mpaka asubuhi au jioni. Nakuapia. Sasa siwezi."

Basi. Jumamosi yangu ilikuwa katikati, huku Ijumaa, huku Jumapili, na hakuna wa kuitoa hapo. Na aliyeiweka hapo ni mimi na ufagio wangu.

Niliuvuta mkoba, nikatoa ile kadi ya kliniki, nikaiweka mezani. "Hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati," nikasema. "Mhudumu aliniambia ni shati jeupe la mikono mirefu. Ochola ana moja tu, la kanisani. Viatu vyake nilivikuta mlangoni vimepigwa rangi. Inzi hawajui nguo, lakini mimi najua. Mtu wa bustani havai jeupe siku ya kazi."

"Labda Ijumaa alijaribu kwenda kliniki peke yake," Ishita akasema.

"Labda."

"Inawezekana, Aya. Kweli inawezekana."

"Nimesema labda."

Mama Ishita alikuwa akisokota ncha ya mtandio. Akasema, "Peres. Sisi pia nataka siku ya mtu kufa. Kila mwaka, siku yake, napika, naombea. Kama siku hajulikani, iko siku moja ya wote. Mwezi hapana onekana kabisa, ile giza ya Septemba. Wale wote hajulikani, wote nakula siku hiyo. Mimi taweka Ochola hapo. Taweka pamoja na baba yangu."

"Mtampa nini?"

"Wali ya maziwa. Naweka juu ya paa, kunguru nakuja, napelekea wafu."

"Ochola hapendi wali wa maziwa," nikasema. "Na kunguru alikuwa anawapiga manati."

"Basi tapiga manati na takula," Mama Ishita akasema, akanikamata mkono. Mkono wake ni mwepesi siku hizi, mifupa mitupu na bangili. Tulikaa hivyo. Karata zilikuwa pale mezani, hakuna aliyezigusa.

Alhamisi Ishita alinipeleka kwa Muchiri. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, mweupe, jina limekamilika, chini yake ile mbili moja aliyoianza ameshaifuta kwa rangi nyeupe. Muchiri aliponiona hakuleta mzaha. Alichukua kopo la rangi nyeusi, akalitikisa.

"Umepata siku, Shosho?"

"Andika kumi na tatu Julai."

Ishita akageuka. "Aya. Sikusema kumi na tatu."

"Hukusema. Lakini hukuikataa pia."

"Nilisema kati ya tatu. Ni sawa na kumi na moja. Ni sawa kabisa. Ungeweza kuandika kumi na moja na hakuna mtu duniani..." Akashusha sauti, kwa sababu Muchiri alikuwa akisikiliza na brashi hewani. "Kwa nini unachagua ile inayokuumiza?"

Nilitafuta la kuchekesha. Huwa lipo. Nilipekua kila mahali.

"Kama alikufa Ijumaa," nikasema, "basi nimemwongezea siku mbili. Matajiri wake wote, miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumpa siku mbili mfululizo. Na kama alikufa Jumapili, basi alivaa shati lake Jumamosi asubuhi, akakaa kwenye kitanda, akaningoja. Ukiandika Ijumaa, mtoto wangu, utakuwa umemvua hilo shati."

Ishita alitoa leso akajifuta, kisha akanifuta na mimi, kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa mdogo, kwa nguvu mno.

"Andika, Muchiri."

Aliandika moja, akaandika tatu. Mkono wake ni mzuri, tatu ilikaa imara, matumbo yake mawili sawasawa. Akamaliza mwezi na mwaka, akarudi nyuma hatua moja akatazama kazi yake.

"Chini niandike nini? Wengi huweka 'Lala salama'."

"Usiweke kitu."

"Nafasi ipo, Shosho."

"Iache."

Rangi ilikuwa mbichi bado, lakini gari la Siaya lilikuwa linangoja mochwari. Nikauchukua msalaba mwenyewe, nikaupakata mapajani kwenye kiti cha mbele, maandishi yameelekea juu. Ishita akaendesha polepole kwenye matuta, na kila tuta nilinyanyua mikono ili nisiiguse ile tarehe.